Sarafu Tatu za Kilwa Nilizozipoteza kwa Kuandika Uongo

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kopo la bati, la rangi ya kijani, lililobonyea upande mmoja. Ndani mlikuwa na hela tisa za Mjerumani, pesa moja ya Sultani Barghash, rupia moja ya Malkia Victoria iliyokwisha sura kwa kushikwashikwa, na senti kumi za Kiingereza zenye tundu katikati. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinimwagia kwenye mkeka. "Hela ndiyo hii, mjukuu wangu," alisema akishika moja. "Haya mengine mnayoyaita hela ni jina tu limebaki." Alisema kweli. Neno tunalolitumia kila siku sokoni lilitoka kwenye sarafu ile ya Kijerumani, iliyoanza mwaka 1904 pale rupia moja ilipogawanywa kuwa heller 100. Bibi alifariki mwaka 1984 na kopo likaja kwangu, kwa sababu katika wajukuu wote ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiliulizia.

Wakati huo nilikuwa kijana najifunza ufundi katika karakana ya reli hapa Tabora. Niliendelea na kazi hiyo hadi kustaafu, na ndiyo iliyonifanya nizipende sarafu kwa namna yangu. Wengine wanavutiwa na wafalme. Mimi huvutiwa na mashine. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamebanwa baharini na meli za Waingereza, fedha zimewaishia, wakaamua kujitengenezea sarafu hapahapa, kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, magharibi ya mji. Walitumia shaba ya njano, nyingine ikitoka kwenye maganda ya risasi na mizinga, wakatoa hela 5 na hela 20 zenye herufi T. Halafu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba, wakatoa sarafu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Hazikufika 17,000. Septemba 19 mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora, na kazi ikaishia hapo. Nikiishika hela 20 ya T, ambayo imepigwa upande kidogo na pembeni haikunyooka, naona mkono wa fundi mwenzangu aliyekuwa akifanya kazi kwa haraka na vifaa visivyofaa.

Hiyo ya tembo sina. Atakayekuletea mtaani kwa bei ya kuokota, mwambie asante na uende zako, maana za bandia zimejaa.

Kosa langu lilianza nilipotamani za kale zaidi. Nilikuwa nimesoma kuhusu sarafu ndogo za shaba za Kilwa, zilizopigwa na masultani wenyewe, miaka mia nyingi kabla Mreno hajaiona pwani yetu. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Yaani mtu wa Kilwa alikuwa akinunua samaki kwa shairi. Nikasema lazima niwe nayo walau moja kabla sijafa.

Mwaka 2022, baada ya kupata kiinua mgongo changu, niliona kwenye mnada wa Ulaya fungu la sarafu nne: tatu za Kilwa, mbili kati yake zikisemwa kuwa za sultani Ali bin al-Hasan, na moja kubwa ya shaba ya akina Ptolemy, wafalme wa kale wa Misri, iliyopigwa hukohuko Misri. Ile ya Misri sikuihitaji, ilikuja tu kwa kuwa fungu haligawanyiki. Nilishinda kwa euro 320. Kamisheni ya mnada ikawa euro 64, posta euro 35. Kwa fedha zetu wakati ule ilikuwa kama shilingi milioni moja na elfu hamsini. Mke wangu nilimwambia nusu yake.

Muuzaji alikataa kutuma kifurushi Tanzania. Mpwa wangu anaishi Marekani na alikuwa anakuja likizo Desemba, nikampigia. "Mjomba, wewe tuma tu, nitakuja navyo," akanijibu, wala hakuuliza ni nini. Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliandikia haya yote. Nilimwandikia muuzaji nikamwomba kwenye fomu ya forodha aandike "vikumbusho vya chuma", thamani euro 20. Nilikuwa naogopa mambo mawili: ushuru, na watu wa njiani wakijua kuna sarafu za kale. Muuzaji akaandika kama nilivyomwomba. Hakunionya, lakini ombi lilikuwa langu.

Barua ya forodha ya huko niliisoma kwenye simu, mpwa wangu alipoipiga picha akanitumia. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, maembe mabichi yanadondoka kwa upepo, na nilirudia kuisoma ile barua hadi chaji ikakaribia kwisha. Kifurushi kilikuwa kimefunguliwa. Maelezo hayakulingana na kilichomo. Na kati ya vilivyomo kulikuwa na sarafu ya Misri, ambayo sheria yao inazuia kuingia bila hati.

Sikuwa najua lolote kuhusu sheria hiyo, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyokuja kuielewa. Mwaka 1970 mataifa yalipitisha mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Marekani ilitunga sheria yake ya kuutekeleza mwaka 1983, na kwa mujibu wake nchi moja moja inaweza kupatana nao, kisha inatolewa orodha ya vitu vya nchi hiyo visivyoingia ovyo. Sarafu ziliingizwa kwenye orodha hizo kwa mara ya kwanza mwaka 2007, za Kupro. Zikafuata za China mwaka 2009, za Italia na Ugiriki mwaka 2011, na Misri mwishoni mwa mwaka 2016. Ukikamatwa na kitu cha kwenye orodha unapewa siku 90 kuleta kibali cha nchi kilikotoka, au ushahidi kwamba kilitoka huko kabla ya tarehe ya zuio, au kwamba kina miaka kumi au zaidi tangu kitoke. Ushahidi wenyewe si lazima uwe mkubwa. Tamko la kiapo la anayeingiza na maelezo ya aliyetuma yanaweza kutosha.

Yanaweza kutosha kama aliyetuma anajua. Nilimwandikia muuzaji barua pepe tatu. Akajibu moja, mstari mmoja: sarafu zilitoka kwenye mkusanyo wa mtu binafsi. Mtu gani, mwaka gani, hakusema. Na tamko la kiapo angelitoa nani, wakati tamko la kwanza tulilotoa lilikuwa la uongo? Sarafu za Kilwa peke yake huenda zingepita, kwa sababu za kwetu sikuziona kwenye orodha yoyote. Lakini zilikuwa kwenye bahasha moja na ile ya Misri, chini ya karatasi moja yenye maneno yangu.

Mpwa wangu alipiga simu saa nane usiku wetu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia. "Mjomba, jina lililoandikwa pale ni langu. Mimi hapa naishi kwa karatasi. Wakinifungulia faili, nitasema nini?" Sikuwa na jibu. Nimemlea kijana yule. Mama yake ni dada yangu wa tumbo moja, na ndiye niliyemwahidi kwamba mwanawe akienda mbali nitakuwa baba yake. Wakili aliyemuulizia alitaka dola 300 kwa kikao cha kwanza tu. Tukakubaliana asaini fomu ya kuziacha sarafu zote nne. Alisaini. Hawakumfuata tena, namshukuru Mungu, lakini ile Desemba hakuja nyumbani, na dada yangu alikaa miezi miwili bila kunipigia simu.

Kwa hiyo kama unatumia jina la ndugu kupokea kitu chako nje, mwambie ni nini, umwonyeshe picha, umwonyeshe risiti, na umwache akatae. Hili ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Nilikasirika kwa muda mrefu. Nilisoma kila nilichokipata cha wakusanyaji wanaopinga mazuio haya, na nilikubaliana nao karibu kwa kila neno. Wanasema sarafu si sanamu ya hekalu. Ilipigwa kwa maelfu ili itembee, ikavuka bahari na mipaka tangu siku ya kwanza, na leo haiwezekani kujua hii ilichimbwa nchi gani. Chama kimoja cha wakusanyaji cha Marekani kiliamua kuijaribu sheria mahakamani: mwaka 2009 kilileta makusudi sarafu 23 za Kupro na China kutoka London hadi Baltimore, bila hati, zikazuiwa, kikashtaki. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikawakatalia. Nilisoma habari hiyo nikasema mashujaa ndio hawa.

Na sitaficha kwamba hadi leo kuna sehemu ya hoja zao ninayoikubali. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mtu wa mwisho kwenye mnyororo, ambaye mara nyingi ndiye anayejua kidogo kuliko wote. Mzee aliyerithi sarafu kwa babu yake anaulizwa karatasi ambayo babu hakuwahi kupewa. Kopo la bibi yangu lingepita mpaka gani kwa karatasi?

Kilichonigeuza hakikutoka kwenye kusoma. Machi 2023 vijana wawili walikuja kwangu jioni na mfuko wa rambo. "Shikamoo mzee, tumeambiwa wewe unanunua hela za Mjerumani." Tabora nzima watu wamekua wakisikia habari za mali alizofukia Mjerumani akikimbia, na kila mwaka kuna anayeuza ng'ombe kununua ditekta. Hawa walikuwa na hela kumi na nne zenye kutu ya kijani, kifungo cha koti la askari, na kipande cha pleti ya shaba ya njano, kikubwa kama kiganja, kilichopinda.

Walitaka kuniuzia hela. Mimi macho yalikuwa kwenye pleti. Ilikuwa na matundu ya duara, matatu na nusu, yaliyopangwa karibukaribu kama anavyopanga fundi asiyetaka kupoteza malighafi. Miaka thelathini na zaidi nimekata washa, vile viduara vya kuwekwa chini ya nati, najua mabaki ya pleti yanavyofanana baada ya kutolewa vipande vya duara. Nilichukua venia, kipimo chetu mafundi, nikapima tundu, nikapima hela yangu 20 ya T. Vilikaribiana mno. Mikono ilinitetemeka.

"Hii mmeipata wapi? Ilikuwa moja?"

"Zilikuwa nyingi mzee, kama nusu gunia. Tumeuza skrepa juzi."

Walinipeleka kesho yake kwa pikipiki. Ni kando ya reli, upande wa magharibi, na sitasema zaidi ya hapo. Nilihesabu mashimo thelathini na moja nikaacha. Walikuwa wamechimba kama nguruwe pori, udongo wa chini umemwagwa juu ya udongo wa juu, vigae, makaa, matofali, majivu ya tanuri, chupa, vyote vimechanganyika. Niliuliza pleti zilikuwa kina gani, pamoja na nini, karibu na tanuri au mbali. Walijaribu kukumbuka, vijana wa watu, kila mmoja akasema lake.

Huenda palikuwa ni mahali ambapo duara za hela zilikatwa kabla ya kupigwa mhuri. Huenda palikuwa ni karakana ya kawaida ya reli, wanakata washa tu. Kama pleti zingekuwa chini ya ardhi pale zilipoachwa, mtaalamu angejua kwa wiki moja. Sasa hakuna atakayejua, milele, na tofauti ya kujua na kutojua iliyeyushwa kwa bei ya kilo.

Nilirudi nyumbani nikafungua droo. Mwaka 2019 nilinunua hela sita zenye kutu ya kijani kama ile kwa shilingi elfu sitini, kwa kijana mwingine. Aliniambia "shambani", nikaridhika na neno hilo. Nilijua kutu ile ni ya ardhini. Mimi ndiye niliyekuwa nimewafundisha vijana wa mji huu kwamba kuna mzee anayenunua bila kuuliza, na yule muuzaji wa Ulaya aliyeandika mstari mmoja alinifanyia kile kile nilichokuwa nikikifanya hapa.

Hapo ndipo swali la forodha, "imetoka wapi?", lilipoacha kunikasirisha. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile, na tano kati yake zikaja kutambulika kuwa za Kilwa. Hadi leo watu wanajadili zilifikaje huko. Wanaweza kujadili, na wanaweza kurudi kutafuta, kwa sababu mahali zilipookotwa paliwekwa alama ya X kwenye ramani. Sarafu tano zile zinasema mengi kuliko elfu zilizo kwenye minada. Vivyo hivyo zile zaidi ya elfu mbili za fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984: zilichimbwa na watu waliokuwa wanaandika kila kitu, nasi tumejua historia ambayo hatukuwa nayo.

Nilianza kusoma sheria yetu wenyewe, jambo ambalo kwa aibu sikuwahi kulifanya miaka yote ile. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa: kukichimba kunataka leseni, kukitoa nchini kunataka kibali. Kwa mwaka huo hela za Mjerumani ziko nje, ni changa mno. Sarafu ya Kilwa iko ndani kabisa. Maana yake ni kwamba hata kama mpwa wangu angefika nazo salama, zikakaa kwenye droo yangu bila karatasi, siku nikifa watoto wangu wangeachiwa kitu wasichoweza kukieleza walikokipata.

Vijana wale sikuwanunulia. Niliwalipa mafuta ya pikipiki, nikawaomba twende pamoja ofisi ya serikali ya mtaa na kutoka hapo kwa afisa utamaduni. Mmoja alikubali, mwingine alitoroka njiani. Kipande cha pleti kimekabidhiwa na nina nakala ya maandishi ya makabidhiano. Zile hela sita za 2019 nilizipeleka pia. Mke wangu aliniuliza kama nimechanganyikiwa, na nikamwambia bei halisi ya zile nne za mnada. Alinyamaza siku nzima. Kisha akasema afadhali nimesema.

Sasa nina daftari gumu, kubwa, la kurasa 192. Kila sarafu ina ukurasa wake: nani alinipa, yeye alipewa na nani, lini, mahali gani, kwa fedha ngapi, na picha ya pande mbili ikiwa na rula pembeni. Kopo la bibi limechukua kurasa nyingi kuliko mengine. Nilikwenda Kanyenye kwa binamu ya mama, bibi kizee asiyeona vizuri, naye akanieleza kwamba hela zile baba yao alilipwa kwa kubeba mizigo, na rupia ilikuwa mahari. Nimemwandika kwa maneno yake, tarehe, na alama ya dole gumba. Ikija siku mtu akaniuliza, karatasi ambayo babu hakupewa nimeiandika mwenyewe wakati wazee wangali hai. Ukiwa na kopo kama hilo nyumbani, nenda leo kwa huyo shangazi au bibi aliyebaki, usingoje msiba.

Kununua nje sijaacha, ila mpangilio umebadilika. Swali la kwanza kwa muuzaji ni lini sarafu ilitoka nchi yake na nani anaweza kusaini hilo. Akijibu kwa mstari mmoja, naaga. Namwomba picha ya bahasha za zamani, tiketi za minada iliyopita, risiti, hata zikiwa zimechanika, na nazilipia zaidi kwa sababu hizo ndizo zinazobeba sarafu mpakani. Naangalia sheria za nchi tatu: ilikotoka, inakopitia, inakofika. Ile inayopitia ndiyo niliyoisahau. Ulaya nako Umoja wao umeweka kanuni ya mwaka 2019 kuhusu uingizaji wa mali za utamaduni, iliyoanza kutumika kikamilifu Juni 2025, kwa hiyo usidhani njia ya huko ni nyeupe. Mafungu yenye mchanganyiko siyagusi. Na kwenye fomu naandika sarafu, idadi, umri na bei niliyolipa. Mwaka jana nilipata rupia moja ya mwaka 1890 kwa njia hiyo, ikakaa forodhani kwetu siku tisa, nikalipa kilichotakiwa, nikaichukua kwa jina langu.

Miezi miwili iliyopita mzee mmoja wa Uingereza, mkusanyaji kama mimi, aliniandikia kwamba ana shaba moja ya Ali bin al-Hasan, pamoja na barua ya mjomba wake aliyeinunua Dar es Salaam mwaka 1956. Picha ya barua ninayo. Bei yake naiweza. Nimeandika kwa wanaohusika na mambo ya kale kuuliza kama naweza kuipokea, iandikishwe vipi, na kama baada yangu inaweza kuingia makumbusho. Jibu halijaja. Mzee yule amekubali kuningojea hadi mwisho wa mwezi ujao, na nimemwambia muda huo ukipita bila kibali, amuuzie mwingine, ila barua ya mjomba wake isitenganishwe na sarafu.